Kabla ya kununua unga wa mitishamba kwa ng'ombe, jua kazi ya tumbo lake

KATIKA maduka mengi ya pembejeo na dawa za mifugo, pembeni ya mifuko ya pumba, mashudu na mawe ya chumvi, siku hizi hupangwa pia makopo na pakiti za unga unaoelezwa kuwa umetokana na mimea. Mfugaji huambiwa kuwa bidhaa hiyo husaidia usagaji wa chakula, huongeza maziwa na haina madhara kwa kuwa ni ya asili.

Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ipo mimea ambayo kweli hubadilisha namna ng'ombe, mbuzi na kondoo wanavyomeng'enya chakula. Ipo pia inayomrudisha mnyama nyuma ikitolewa kupita kiasi. Na ipo isiyofanya lolote zaidi ya kupunguza fedha mfukoni mwa mnunuzi.

Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu wa maziwa, kujua tofauti ya makundi hayo matatu ndiko kunakotenganisha faida na hasara, kwa sababu chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za ufugaji huo. Na njia ya kuijua tofauti hiyo huanzia ndani ya tumbo la ng'ombe mwenyewe.

Kiwanda ndani ya tumbo

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao limegawanyika sehemu nne, na kubwa kuliko zote ni tumbo la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni. Kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa, sehemu hiyo inaweza kubeba lita 100 na zaidi.

Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za majani. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu wanaoishi katika tumbo la kwanza. Mililita moja tu ya maji ya tumbo hilo huwa na bakteria wanaokadiriwa kufikia bilioni 10, mbali na protozoa na fangasi.

Vijidudu hao huchachua majani, kama togwa inavyochachuka mtungini. Uchachukaji huo hutoa tindikali ambazo hufyonzwa kupitia ukuta wa tumbo, na hizo ndizo zinazompa ng'ombe hadi asilimia 70 ya nguvu anazohitaji. Baadaye vijidudu wenyewe husukumwa kwenda sehemu za mbele za tumbo na kwenye utumbo, ambako humeng'enywa na kuwa protini ya kujenga mwili na maziwa.

Kwa maneno mengine, mfugaji hamlishi ng'ombe moja kwa moja. Anawalisha kwanza vijidudu, nao ndio wanaomlisha ng'ombe.

Kiwanda hicho, hata hivyo, kinavuja sehemu mbili. Ya kwanza ni gesi ya methani, ambayo hutoka mdomoni mwa mnyama kwa mbweu. Gesi hiyo huondoka na kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu yote iliyokuwa ndani ya chakula.

Ya pili ni protini. Protini ya mashudu na ya majani mabichi ya jamii ya kunde huvunjwa haraka na vijidudu na kuwa amonia. Ikizidi kiasi wanachoweza kukitumia, inayobaki hutoka kwenye mkojo. Mfugaji huwa amenunua protini kwa bei kubwa, kisha sehemu yake ikaishia kulowesha sakafu ya banda.

Virutubisho vingi vya mimea vinavyouzwa kwa ajili ya wanyama wanaocheua vinalenga kuziba moja ya mianya hiyo miwili, au yote kwa pamoja.

Kwa nini mimea imepata soko

Kwa miaka mingi wafugaji wakubwa katika nchi zilizoendelea walichanganya kiasi kidogo cha dawa za kuua bakteria kwenye chakula cha mifugo ili kubadilisha uchachukaji tumboni na kuharakisha ukuaji. Mojawapo ya dawa hizo kwa ng'ombe ni monensini.

Wasiwasi ulipokua kwamba matumizi ya namna hiyo yanachangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku dawa hizo kutumika kama vichocheo vya ukuaji kuanzia Januari 1, 2006. Watafiti na wenye viwanda wakageukia mimea kutafuta mbadala.

Sababu iko wazi. Mmea hauwezi kumkimbia mdudu, ukungu wala mnyama anayeula, hivyo hujilinda kwa kemikali. Kemikali zilizochunguzwa zaidi kwa wanyama wanaocheua ziko katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni tanini. La pili ni mafuta yenye harufu yanayopatikana kwenye viungo. La tatu ni saponini, ambazo hutoa povu kama sabuni zikikorogwa kwenye maji.

Katika kundi la viungo, watafiti wa Universitat Autònoma de Barcelona nchini Hispania ni miongoni mwa waliofanya kazi kubwa. Walijaribu mafuta ya kitunguu saumu, kiini cha mdalasini, ukali wa pilipili na eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kuu ya mafuta ya karafuu, zao ambalo Unguja na Pemba zinalijua kuliko wengi.

Majaribio yao mengi yalifanyika kwenye vyombo vya maabara vyenye maji ya tumbo la ng'ombe. Yalionyesha kuwa mafuta hayo yanaweza kubadilisha uchachukaji, ila matokeo hutegemea kiasi kilichotiwa, ukali wa tindikali tumboni na aina ya chakula. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba vijidudu wanaweza kuzoea, na nguvu ya kirutubisho ikafifia baada ya siku kadhaa.

Kwa hiyo mfugaji anayesaga karafuu au kitunguu saumu na kumwaga konzi moja juu ya pumba anabahatisha. Kiasi kidogo huenda kisifanye kitu. Kiasi kikubwa kinaweza kuwaua hata vijidudu wanaovunja nyuzinyuzi, ambao ndio mtaji wa ng'ombe.

Tanini kwa kiasi na kwa wingi

Tanini ndiyo inayokausha mdomo mtu anapokula bibo la korosho, ndizi mbichi au anapokunywa chai ya rangi iliyokolea. Ndiyo pia iliyomo kwenye magome ya miti yanayotumika kutengenezea ngozi. Kazi yake ni moja kote huko, yaani kushikamana na protini.

Ndani ya tumbo la kwanza, tanini hukamata sehemu ya protini ya chakula na kuizuia isivunjwe haraka na vijidudu. Chakula kinapofika tumbo la nne, ambako tindikali ni kali, mshikamano huo huachia. Protini huwa huru, nayo humeng'enywa kwa faida ya mnyama badala ya kupotea kama amonia.

Faida hiyo hupatikana kwa kipimo. Utafiti uliofanywa hasa New Zealand kwa kondoo waliokula majani ya jamii ya kunde yenye tanini umeonyesha kuwa kiwango kinachofaa ni karibu asilimia 2 hadi 4 ya chakula kikiwa kikavu. Kikipita asilimia 5 hivi, hamu ya kula hupungua na majani husagika kwa shida.

Tanini ina faida nyingine kwa wanaolisha majani ya jamii ya kunde. Lusini, ambayo haina tanini ya kutosha, inaweza kumvimbisha ng'ombe tumbo kwa povu la gesi akila nyingi ikiwa mbichi. Majani yenye tanini, hata kidogo, hupunguza hatari hiyo.

Mfano wa upande wa pili wa tanini unatokana na mti ambao wakazi wa Njombe wanaufahamu vyema, yaani muwati. Magome yake yamekuwa yakikamuliwa tanini ya kutengenezea ngozi kwa miaka mingi. Watafiti nchini Australia waliwapa ng'ombe wa maziwa tanini ya muwati, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009.

Methani ilipungua kweli. Lakini maziwa nayo yalipungua, hasa kwa ng'ombe waliopewa kiwango kikubwa. Mwanya wa gesi ulizibwa, ila tanini ilizuia pia chakula ambacho ng'ombe alikihitaji.

Hali kama hiyo ilionekana kwa mwani mwekundu uitwao Asparagopsis. Katika jaribio la ng'ombe wa maziwa 12 lililofanyika California na kuchapishwa mwaka 2019, mwani huo ulipunguza methani kwa kiwango kikubwa. Hata hivyo, waliopewa kiasi cha asilimia 1 ya chakula walipunguza kula na maziwa yakashuka kwa zaidi ya asilimia 10.

Wafanyabiashara wa pwani wanapaswa kujua kuwa mwani huo si ule unaolimwa Zanzibar, ambao ni spinosamu na kotonii. Anayeuza mwani wa Zanzibar kwa madai ya utafiti wa Asparagopsis anauza kitu kimoja kwa jina la kingine.

Ng'ombe mwenye njaa hahitaji kirutubisho

Hapa ndipo wafugaji wengi wadogo wanapopoteza fedha. Bidhaa nyingi za mimea zimebuniwa kwa ajili ya ng'ombe anayekula chakula kingi cha viwandani, ambaye protini na wanga vinazidi uwezo wa tumbo lake. Ng'ombe huyo ana kitu cha kuokoa.

Ng'ombe anayekula mabua ya mahindi, majani makavu ya mpunga au nyasi za kiangazi yuko katika hali tofauti. Vijidudu wa tumbo la kwanza huhitaji chakula chenye protini isiyopungua asilimia 7 hivi ili wafanye kazi. Mabua na nyasi kavu mara nyingi huwa chini ya hapo. Vijidudu hupungua, majani hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika, na ng'ombe huacha kula ingawa hori limejaa.

Kumwongezea ng'ombe huyo unga wa tanini ni kuikamata hata ile protini kidogo aliyo nayo. Anachokihitaji ni protini na maji ya kutosha. Mashudu ya alizeti au ya pamba, au majani ya miti ya malisho, yatafanya kazi ambayo pakiti ya unga haiwezi.

Mashudu nayo yana kipimo chake. Yaliyotoka kwenye mashine ndogo za kukamulia bado huwa na mafuta mengi. Mafuta yakizidi asilimia 6 au 7 ya chakula chote, vijidudu wanaovunja nyuzinyuzi huathirika. Ndiyo maana ng'ombe aliyemwagiwa mashudu bila mpango anaweza kuharisha badala ya kuongeza maziwa.

Mti unaoleta protini pamoja na tanini

Tofauti kubwa kati ya unga wa tanini na jani lenye tanini ni hii: unga huleta tanini peke yake, lakini jani la mti wa malisho huleta tanini pamoja na protini yake. Hiyo ndiyo sababu miti hiyo imewafaa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kaliandra huko Embu, Kenya. Mti huo asili yake ni Amerika ya Kati. Katika miaka ya 1990 watafiti wa taasisi za kilimo na misitu za Kenya, pamoja na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, waliujaribu mashambani mwa wafugaji waliokuwa wakilisha majani ya tembo, ambayo huko huitwa nepia.

Walichokipata ni kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra, ambayo yakikauka huwa kilo 1, zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Kilo hiyo moja, iwe ya majani au ya dukani, iliongeza karibu robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku katika mazingira ya mfugaji wa kawaida.

Ng'ombe mmoja akipewa kilo 6 za majani mabichi kila siku, huhitaji miti 500 hivi kwa mwaka mzima. Idadi hiyo inatisha kuisikia, lakini miti hiyo haihitaji shamba lake. Ikipandwa kwa nafasi ya nusu mita, inaenea kwenye mstari wa mita 250, yaani kuzunguka mpaka wa shamba, kwenye kingo za matuta na kando ya njia ya kwenda bandani.

Mavuno ya kwanza huanza mti ukiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Hukatwa kwenye urefu wa kati ya magoti na kiuno, kisha huachwa uchipue upya. Kwa kuwa kaliandra ina tanini nyingi, haipaswi kuzidi theluthi moja ya malisho ya siku. Ni vizuri zaidi kuilisha ikiwa mbichi, mara baada ya kukatwa.

Lukina nayo ni mti mzuri, tena majani yake husagika kwa urahisi kuliko kaliandra. Tatizo lake ni sumu iitwayo mimosini. Mnyama akilishwa lukina nyingi kwa muda mrefu anaweza kunyonyoka manyoya, kukosa hamu ya kula na kuvimba tezi ya shingo.

Historia ya sumu hiyo inaeleza vizuri kazi ya vijidudu. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kuwa mbuzi wa Hawaii walikuwa wakila lukina bila kudhurika, huku ng'ombe wa Australia wakiugua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijidudu kutoka kwa mbuzi wa Hawaii walihamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, nao wakaanza kuila bila shida. Mwaka 1992 bakteria huyo alipewa jina la Synergistes jonesii kwa heshima ya mtafiti huyo.

Jani lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni vijidudu walio tumboni. Mfugaji asiyejua kama mifugo yake ina bakteria hao afuate njia salama, yaani aanze na kiasi kidogo, aongeze polepole kwa wiki mbili au tatu, na asivuke theluthi moja ya malisho.

Hesabu kabla ya kulipa

Kwa anayetaka kununua kirutubisho, hesabu ya kwanza ni rahisi. Agawanye gharama ya siku moja kwa bei ya lita moja ya maziwa. Kwa mfano, kirutubisho kikigharimu Sh300 kwa ng'ombe kwa siku na maziwa yakiuzwa Sh1,000 kwa lita, ni lazima ng'ombe huyo aongeze zaidi ya lita 0.3 kila siku ndipo faida ianze kuonekana.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa chakula cha dukani. Ikiwa kilo moja huongeza robo tatu ya lita, basi bei ya kilo ikizidi bei ya robo tatu ya lita ya maziwa, mfugaji anamfanyia kazi muuza chakula.

Hatua ya pili ni kupima. Mfugaji aandike maziwa ya kila ng'ombe, asubuhi na jioni, kwa wiki mbili kabla ya kuanza kirutubisho. Kisha akitoe kwa wiki tatu bila kubadilisha kitu kingine chochote, halafu akisimamishe kwa wiki mbili huku akiendelea kuandika.

Kusimamisha ni muhimu kwa sababu maziwa hupanda baada ya ng'ombe kuzaa, hufika kilele baada ya miezi miwili hivi, kisha hushuka yenyewe. Anayeanza kirutubisho wakati maziwa yanapanda atakisifu bure. Anayeanza yanaposhuka atakilaumu bure. Maziwa yakipungua ghafla kirutubisho kinaposimamishwa, na yakirudi kinaporejeshwa, hapo kuna sababu ya kuendelea kununua.

Ndama wa chini ya miezi miwili hawahitaji bidhaa hizo, kwani tumbo lao la kwanza bado halijakomaa. Na kinyesi kikilainika kupita kawaida au ng'ombe akiacha kucheua, kirutubisho kisimamishwe na mtaalamu wa mifugo aitwe.

Kwa wenye maduka, jambo la kuangalia ni lebo. Bidhaa ya kuaminika hutaja mmea uliotumika, kiasi cha kiini chake, mnyama anayelengwa, kipimo kwa siku na tarehe ya kuisha muda. Neno la asili peke yake si kipimo, kwani hata mimosini ni ya asili. Tanzania inayo Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010, na muuzaji anayenunua mzigo usio na maelezo ndiye atakayebaki nao dukani au kulaumiwa na wateja.

Ipo pia nafasi ya biashara. Majani ya lukina yaliyokaushwa kivulini na kusagwa yanaweza kuhifadhiwa kwenye magunia makavu na kuuzwa kiangazi, wakati bei ya mashudu huwa juu. Mwenye miti kwenye mpaka wa shamba anaweza kuanza kwa mtaji wa panga, turubai na magunia.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mfugaji mwenye maji safi hori zima la siku, majani yenye protini uani na daftari la maziwa mkononi ataweza kujua mwenyewe kama unga wa mitishamba unamfaa au la. Asiyekuwa na hivyo vitatu aanze navyo kabla ya kufungua pochi dukani.